Msanifu na Wenziwe

Mwanafunzi unayesoma kurasa hizi darasani, inua macho kitambo utazame juu ya kichwa chako. Hapo pana mabati, au dari, au zege la ghorofa wanalokanyaga wenzako. Umekaa chini ya mzigo huo tangu asubuhi, na yamkini hujauliza hata siku moja ni nani aliyepima kama kuta hizo zaweza kuuchukua. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilikaa chini ya mapaa ya watu kwa karibu miaka thelathini bila ya kuuliza, na siku niliyolazimika kuuliza nilikuwa nimekwisha kosa mara mbili. Nataka nikusimulie makosa hayo. Ndiyo yaliyonionyesha kwamba mtu mwenye elimu, akiwa peke yake, ni dhaifu kuliko anavyodhani, na kwamba msanifu wa majengo anayejiunga na chama cha wasanifu wenziwe hatafuti heshima tu.

Shule ninayofundisha iko kusini mwa pwani yetu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, mahali ambapo bahari haionekani kwa sababu ya minazi lakini husikika usiku. Nilipelekwa huko nilipotoka chuo cha ualimu. Kwa kuwa nilikuwa mdogo wa umri kuliko walimu wote, na hati yangu ya mkono ilisomeka, nilifanywa katibu wa kamati ya ujenzi. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, ila kilikuwa na nauli: kila alipotakiwa mtu wa kwenda Mombasa kuuliza bei ya saruji au kupeleka barua, nilikwenda mimi.

Mwaka 2017 kamati iliazimia kujenga madarasa manne ya chini, kuta za mawe ya matumbawe na paa la mabati. Fedha zilikuwa michango ya wazazi. Wengine walitoa pesa taslimu, wengine walitoa siku za kazi, na mama mmoja ambaye hakuwa na pesa alileta mbuzi, tukamwuza sokoni. Nakutajia mbuzi huyo ili ujue kwamba fedha zile hazikuwa za mchezo.

Msanifu tulimpata Mombasa. Alikuwa kijana wa rika langu, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la nguo. Ndani yake mlikuwamo meza, pangaboi, na makaratasi yaliyoviringishwa kama mikeka. Alinieleza njia aliyopita: miaka mingi ya chuo kikuu, kisha kazi chini ya wakubwa wenye uzoefu, kisha mtihani, ndipo akapata muhuri. Ukutani zilitundikwa hati mbili zilizotiwa katika vioo. Moja ilitoka kwa bodi inayoandikisha wasanifu na wakadiriaji wa majenzi, ambayo chanzo chake ni sheria ya mwaka 1934. Mtu asiyeandikishwa na bodi hiyo hana haki ya kujiita msanifu nchini Kenya. Ya pili ilitoka kwa chama cha wasanifu majengo cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1967. Nilimwuliza kwa nini ajitie katika gharama ya hati ya pili, ilhali ile ya kwanza yamtosha kufanya kazi.

"Mwalimu," alisema, "bodi imenipa ruhusa. Chama kimenipa watu."

Nilitabasamu kwa adabu, lakini moyoni nilisema: watu wa kulinda ada zenu. Nilikuwa nikiamini, kama wengi wanavyoamini hata leo, kwamba vyama vya wasomi ni kuta walizojijengea ili bei isishuke na mgeni asiingie. Baadaye utaona kwamba sikuwa nimekosea kabisa.

Kabla hajakunja daftari lake, kijana huyo aliniuliza swali moja: "Mahali tutakapojenga palikuwa na nini zamani?"

Hapo nilikosa mara ya kwanza. Wiki moja kabla ya siku hiyo bawabu wetu, mzee aliyekuwa hapo tangu shule ilipokuwa ya msingi, alikuwa ameniambia kwamba karibu na mwembe wa pembeni palikuwa na vyoo vya shimo, vikafukiwa. Nilimsikia. Lakini nilipokuwa mbele ya mtu msafi, mwenye hati mbili ukutani, niliona haya kutaja vyoo. Tena nilidhani ni habari ya kale isiyokuwa na kazi. Nikajibu, "Hapakuwa na kitu." Naye akaandika hivyo hivyo.

Ujenzi ulianza. Mwaka uliofuata, 2018, serikali ilitaka kila mtoto aliyemaliza shule ya msingi aendelee na masomo ya sekondari, na kidato chetu cha kwanza kikafurika. Palikuwa na madawati yaliyokaliwa na watoto wanne, na wengine walisimama dirishani kama watazamaji wa mpira. Kuta za madarasa mapya zilikuwa zimefika juu ya madirisha, pale mafundi wanapopaita linta. Mwenyekiti wetu, mtu mwema ambaye sina haki ya kumtaja kwa ubaya, akatoa shauri ambalo sote tuliliona la hekima: badala ya kuezeka mabati, tumwage zege tupate sakafu ya juu, tuongeze madarasa manne mengine. Fundi mwashi alikuwa tayari. Mfadhili mmoja aliahidi saruji. Ilibaki jambo moja dogo, nalo ni ramani mpya na muhuri wa msanifu. Nikapewa nauli.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Msingi ule ulichorwa kuchukua nyumba ya chini, na huwezi kuuambia mtu abebe gunia moja kisha ukamtwika la pili akiwa njiani. Nilimwambia habari za watoto waliosimama dirishani. Akanyamaza, nikaona kwamba inamwuma. Nilimwambia kwamba kamati haitamlipa sehemu ya ada iliyobaki. Akanyamaza tena. Mwishowe nilimwambia neno ambalo mtu yeyote mwenye kazi ya elimu hulisikia siku moja, nawe ukipata elimu utalisikia: "Usipotia sahihi wewe, atatia mwingine."

Alijibu, "Pengine. Lakini anza kwa walio na chama."

Sikuelewa alichokusudia. Siku hiyo hiyo nilipanda ngazi za ofisi nyingine, ya mama wa makamo aliyekuwa akisifiwa kwa majumba yake. Alizikunjua ramani zetu mezani, akatazama kona ya chini palipoandikwa jina la mchoraji, kisha akazikunja tena polepole. "Kazi hii ina mwenyewe," alisema. Aliniuliza kama mwenyewe amearifiwa, na kama amelipwa haki yake. Kisha akanieleza kwamba, kwa desturi yao, msanifu haingii katika kazi ya mwenziwe mpaka amwulize kwanza kwa nini ameiacha. Na mbele ya macho yangu akachukua simu akampigia yule kijana. Sikusikia aliyoyasema wa upande wa pili, lakini niliona uso wa yule mama ukibadilika, akinitazama mimi badala ya kuitazama ramani.

Desturi hiyo, msomaji, ndiyo kiini cha habari ninayokupa. Yafikiri mambo yangekuwaje bila ya hiyo. Kila msanifu angekuwa kisiwa. Mwenye fedha angetoka mlango huu akaingia ule, na katika milango kumi asingekosa mmoja wenye njaa. Kila aliyekataa angepata hasara, na kila aliyekubali angepata kazi, hata baada ya miaka michache wakabaki wale wanaokubali tu. Kijana yule alikuwa na kodi ya chumba ya kulipa. Kukataa kwake kulikuwa na thamani kwa sababu mlango wa pili nao ulikataa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiupita mji mzima nikijaribu kukivunja kiungo kimoja, nikakuta kimeshikamana na kingine. Katika madarasa ya insha nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, yaani watu wakiungana hupata nguvu ya kufanya jambo. Sikuwa nimewaza kwamba watu huungana pia ili wapate nguvu ya kukataa jambo.

Baadaye nilitafuta habari za vyama hivi, nikaona kwamba si vya jana. Wasanifu wa Uingereza waliunda chao London mwaka 1834, na mwaka 1837 Mfalme William wa Nne akakipa hati ya kifalme. Marekani, wasanifu 13 walikutana New York mwaka 1857 wakaunda chao, na Richard Upjohn, mchoraji wa makanisa, akawa rais wa kwanza. Wakati huo nchini mwao hapakuwa na chuo cha usanifu wala sheria ya kuwaandikisha wasanifu. Seremala, mwashi au mwuza mbao aliweza kujiita msanifu asubuhi na kuchora jumba jioni. Jimbo la kwanza la Marekani kutunga sheria ya kuwapa wasanifu leseni lilikuwa Illinois, mwaka 1897, yaani miaka 40 baada ya chama. Kwa hiyo wenye kazi walianza kujiuliza wenyewe nani anafaa kuitwa msanifu, kabla serikali haijawauliza.

Lakini sitaki uamini kwamba milango hiyo ilifungwa siku zote dhidi ya waovu tu. Chama cha Uingereza kilikaa miaka 64 bila ya mwanamke hata mmoja, mpaka Ethel Charles alipokubaliwa mwaka 1898. Marekani, Louise Bethune aliingia mwaka 1888. Mtu mweusi wa kwanza kuingia katika chama cha Marekani, Paul Williams wa Los Angeles, alipokewa mwaka 1923. Bwana huyo alijizoeza kuchora ramani kinyumenyume, yaani mchoro ukimwelekea mteja aliyekaa ng'ambo ya meza, kwa kuwa alijua wazungu wengi wasingependa kukaa naye ubavu kwa ubavu. Na hata baada yake njia haikuwa pana: mwaka 1971 wasanifu weusi 12 walikutana Detroit wakaunda chama chao wenyewe. Na kuhusu ada, ile dhana yangu mbaya ilikuwa na mzizi, maana mwaka 1972 serikali ya Marekani ilikipeleka chama cha wasanifu mahakamani kwa kuwazuia wanachama wake wasishindane kwa bei, nacho kikakubali kuiacha kanuni hiyo. Kwa maoni yangu, chama ambacho kazi yake ni kulinda mlango tu ni kibaya kuliko kutokuwa na chama. Mtu ajiungapo na aulize: hawa wenzangu watanizuia nisifanye nini, na je, hicho wanachonizuia kinamfaa mtu mwingine asiyekuwa sisi?

Siku ile, hata hivyo, sikuwa na elimu hiyo. Nilikuwa na hasira na nauli ya kurudia. Katika kichochoro kimoja, nyuma ya duka la kupiga chapa, nilimkuta mtu ambaye watu walinielekeza kwake. Mchora ramani wa barazani. Aliniita "bosi" kabla sijafungua kinywa. Bei aliyoitaja haikufika bei ya yule mbuzi. Hakuuliza udongo wetu ni wa namna gani, wala msingi una upana gani. Kwa muda wa nusu saa alichora ghorofa juu ya madarasa yetu, kisha akatoa muhuri ndani ya mfuko wa plastiki, akaupulizia pumzi, akaugonga. Hilo ndilo kosa langu la pili, na kubwa zaidi: nilimlipa, nikazichukua.

Nilivuka Likoni jioni, nimesimama katikati ya watu na baiskeli na mikokoteni, karatasi zile nimezikumbatia. Feri ilipokuwa katikati ya maji nilizifungua kidogo nikasoma jina lililokuwa ndani ya muhuri. Halikuwa jina la mtu yule. Lilikuwa la msanifu fulani ambaye sijamwona maishani mwangu, na ambaye naamini hakujua kwamba muhuri wenye jina lake unatembea ndani ya mfuko. Nikawaza: jengo hili likianguka, ataitwa mtu huyu, naye hajui hata kwamba shule yetu iko duniani. Na aliyeuleta muhuri ni mimi.

Nikakumbuka Huruma. Huenda ulikuwa mtoto wakati huo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha Nairobi, jumba la makazi lililokuwa karibu na mto liliporomoka katika mtaa huo, likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa limekwisha pitishiwa amri ya kuvunjwa, na watu walikuwa bado wamelala ndani yake. Mtoto mchanga wa kike alitolewa hai katika kifusi baada ya saa zipatazo 80. Mimi niliziona picha zile katika magazeti, nikawasomea wanafunzi wangu habari yake kama ufahamu, nikawauliza maswali sita, wakanijibu vizuri.

Ningependa kukuambia kwamba nilizitupa karatasi zile baharini. Sikuzitupa. Nilifika nyumbani nikazitia chini kabisa ya sanduku langu, na mwenyekiti aliponiuliza nikasema shughuli bado inaendelea. Huo haukuwa ushujaa. Nilikuwa naogopa pande zote mbili, nikangoja jambo linitokee.

Jambo lilitokea Jumamosi. Asubuhi gari dogo liliingia uwanjani, wakashuka yule kijana, na mzee mmoja mwenye mvi na viatu vikuukuu, na mhandisi mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Sisi hatukuwaita. Yule mama wa ofisi ya pili ndiye aliyewapasha habari: alimwambia kijana kwamba kamati hii itatafuta mlango wa tatu, basi afadhali watu wazima waende wakaone wenyewe. Mzee na mhandisi walikuwa wanachama wenziwe, maana chama chao hakikusanyi wasanifu peke yao, bali pia wahandisi, wakadiriaji, wapangaji wa miji na wengineo wa kazi hizi. Walikuja kwa petroli yao wala hawakutaka malipo. Mwenyekiti aliitwa akaja, uso umemkunjamana.

Mhandisi alichukua chaki akaandika ukutani hesabu ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliweza kuifuata. Zege lenye unene wa sentimita 15 huwa na uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Darasa la mita 7 kwa mita 8 lina mita za mraba 56. Zidisha: tani 20 na zaidi, juu ya chumba kimoja tu, kabla ya kuta za juu, kabla ya madawati, kabla ya mtoto mmoja kupanda ngazi. Mwenyekiti aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Yeye ni mfanyabiashara. Tarakimu ni lugha anayoielewa.

Yule mzee hakushughulika na hesabu. Aliuliza, "Ni nani hapa aliyekaa siku nyingi kuliko wote?" Akaletewa bawabu. Wakakaa wawili chini ya mwembe kama watu waliojuana zamani, na sijui waliyozungumza kwanza, lakini mara nilimwona bawabu akinyosha mkono kuonyesha pembe ya darasa la mwisho. Halafu akageuka akanitazama.

Waliagiza sururu na beleshi. Kando ya msingi wa pembe ile udongo haukuwa ule wa mchanga juu ya matumbawe tuliouzoea. Sururu iliingia kama katika uji. Vilitoka vigae, chupa zilizovunjika, kandambili ya mtoto iliyooza. Fundi mwashi, alipoona hayo, alikiri kwamba siku ya kuchimba msingi alikutana na ulaini hapo, akajaza mawe akaendelea, kwa kuwa hakutaka kuchelewesha kazi. Naam, msomaji, tulikuwa watatu tuliojua: bawabu, fundi na mimi. Na aliyesema alikuwa mmoja tu, yule asiyekuwa na cheti.

Hapo nilitazamia mzee atamtetea kijana wake. Alimgeukia mbele yetu sote. "Ulichimba mashimo mangapi ya kupimia udongo?"

"Mawili, mzee."

"Na nani alikuonyesha pa kuchimba?"

"Mwalimu."

"Tangu lini Mwalimu akawa udongo?"

Hakuna aliyecheka. Kijana aliinamisha kichwa, akasema amekosa. Mzee akaendelea kwa sauti ya chini, si ya kumfedhehesha, bali kama fundi anyooshaye timazi: swali la "palikuwa na nini hapa" haliulizwi mtu mmoja, wala haliulizwi mtu mwenye haraka. Nilifahamu wakati ule kwamba wale waliosimama nyuma yake alipotukatalia ndio hao hao waliosimama mbele yake alipokosa, na kwamba pasipo jambo la pili lile la kwanza lingekuwa upendeleo tu. Ndipo na mimi nikatoa ulimi wangu mahali ulipokuwa umejificha. Nilisema kwamba niliambiwa habari za vyoo, nikaona haya kuzitaja. Habari za muhuri wa kichochoroni nilimweleza mzee faraghani. Aliniuliza jina lililokuwa ndani yake, akaliandika katika kidaftari, wala hakunitupia neno la lawama. Ingekuwa afadhali angelitupa.

Ghorofa haikujengwa. Pembe ile ilichimbwa chini ya msingi kwa vipande vipande, kila kipande kikijazwa zege kabla ya kufunguliwa kinachofuata, ili ukuta usikose pa kuegemea hata siku moja, mpaka wakafika kwenye mwamba. Gharama hiyo ilikula fedha za madawati. Kidato cha kwanza kilisomea chini ya mwembe na katika ukumbi wa chakula kwa mihula miwili, na mvua za Aprili zilipoanza wazazi walisema maneno mazito juu ya kamati, hasa juu ya katibu wake. Mwenyekiti alinisalimu kwa kichwa tu muhula mzima. Mama wa mbuzi aliniuliza sokoni kama ni kweli mbuzi wake amezikwa ndani ya shimo la choo. Sikuwa na jibu jema, kwa sababu kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Nami nilirudi katika kazi yangu nikiwa na mashaka ambayo sikuwa nayo. Katika chuo cha ualimu, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aliketi nyuma ya darasa na daftari lake, nami nikitetemeka. Tangu nilipopata cheti hakuna mtu mzima aliyewahi kuketi nyuma ya darasa langu kwa hiari yangu. Siku hizi kila muhula nampa mwalimu mwenzangu wa Kiswahili insha kumi nilizokwisha sahihisha, azisahihishe upya bila ya kuona alama zangu. Mara ya kwanza tulitofautiana katika sita. Yeye ni mkali kuliko mimi, tena, kwa bahati mbaya, ana haki.

Yule kijana ana ofisi kubwa kidogo sasa, vyumba viwili. Alilipwa ada yake yote, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka jana alipita shuleni Jumamosi moja akiwa na beleshi nyuma ya gari. Alikuwa akienda pamoja na wenziwe kumtazamia kijana mwingine msingi wake, upande wa Kwale, akataka kwanza kuiona ile pembe. Bawabu wetu alikuwa amekwisha staafu, tukaenda wawili. Zege lililomwagwa pale limejitokeza juu ya ardhi kidogo, mfano wa baraza fupi, na kivuli cha mwembe hulifikia saa sita. Tuliwakuta wanafunzi watano wamekaa hapo wakila maembe mabichi kwa chumvi, wakasimama kutuamkia, nasi tukawaambia wakae.